Je, Nyongeza Inaufaa Mchezo wa Catan?

Kuna swali ambalo limewagawanya wanachama wa Chama chetu cha Kiswahili tangu muhula wa pili. Kwa kuwa mkutano wa kulikata unakaribia, nimeonelea nishike kalamu nilieleze kinaganaga ili hata wewe ambaye hujawahi kukanyaga chumba chetu siku ya Ijumaa ujue kinachogombaniwa. Swali lenyewe ni hili: chama kina pesa za kununua sanduku moja tu. Je, tununue nyongeza ya mchezo wa Catan ambayo tumekuwa tukiiazima, au tununue sanduku la pili la mchezo wenyewe wa kawaida?

Najua wengine watauliza, Catan ndiyo nini tena, na ina uhusiano gani na Kiswahili? Haya, tuanzie hapo.

Catan ni mchezo wa ubao uliobuniwa na Mjerumani mmoja, Klaus Teuber, ambaye alikuwa fundi wa meno ya bandia huko Darmstadt kabla ya michezo kumpa riziki. Ulitolewa Ujerumani mwaka wa 1995, na mwaka huo huo ukapata tuzo ya Spiel des Jahres, ambayo hupewa mchezo bora wa mwaka nchini humo. Teuber alifariki mwaka wa 2023, lakini mchezo wake unachezwa karibu kila pembe ya dunia. Kilichoupa umaarufu ni kwamba si mchezo wa kuuana. Katika drafti unakula kete za mwenzako mpaka aishiwe. Katika Catan hakuna anayetolewa. Wote watatu au wanne mnakaa mezani hadi mwisho, na aliye nyuma bado ana jambo la kufanya.

Ubao wake ni kisiwa cha vipande 19 vya pembe sita. Kuna misitu minne inayotoa mbao, malisho manne yanayotoa sufu (sisi husema tu "kondoo"), mashamba manne ya ngano, vilima vitatu vya udongo wa matofali, milima mitatu ya madini ya chuma, na jangwa moja lisilotoa kitu. Kila kipande isipokuwa jangwa huwekewa nambari. Mchezaji hurusha dadu mbili, jumla ikiwa nane, kila mwenye kijiji kando ya kipande cha nane anapata kadi moja ya mali hiyo, na mwenye mji anapata mbili. Kwa mali hizo unajenga barabara, vijiji na miji. Kijiji ni alama moja, mji ni alama mbili, na wa kwanza kufikisha alama 10 ameshinda.

Kiswahili kinaingia pale mali zinapobadilishwa. Zamu yako ikifika unaruhusiwa kubadilishana mali na wenzako, na hakuna bei iliyoandikwa popote. Bei ni mdomo wako. Mwalimu mlezi wetu alipouona mchezo huu mara ya kwanza hakuuliza sheria zake, alisikiliza tu kelele za meza kwa dakika tano, kisha akatoa amri: mezani ni Kiswahili, na anayeingiza lugha nyingine amepoteza ruhusa ya kubadilishana kwa zamu hiyo. Tangu siku hiyo utasikia mambo. "Ndugu yangu, nipe tofali moja nikupe kondoo wawili." "Wawili? Kwani hao kondoo wako wana ugonjwa gani?" Wanafunzi ambao darasani hawafungui kinywa mpaka wachokozwe, hapa wanabembeleza, wanatisha, wanaapa na kutoa hoja kama mawakili. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo cha nyongeza yoyote tutakayoleta. Tusiulize kama ina vipande vizuri. Tuulize, inaongeza mazungumzo mezani au inayapunguza?

Lakini siwezi kusema nyongeza haina kazi, kwa sababu mchezo wa kawaida una kasoro, na aliyeucheza mara ishirini anazijua.

Kasoro ya kwanza ni ukame wa dadu. Ukirusha dadu mbili kuna njia 36 za kuanguka. Saba ina njia sita, sita na nane zina njia tano kila moja, na mbili na kumi na mbili zina njia moja moja. Kwa hiyo kila mtu hukimbilia vipande vya sita na nane, na ndiyo busara. Lakini hebu tupige hesabu. Uwezekano wa nane kukosa katika mrusho mmoja ni 31 juu ya 36. Ukizidisha kiasi hicho kwa chenyewe mara 12 unapata karibu moja juu ya sita. Maana yake, katika kila vipindi sita vya mirusho 12, kipindi kimoja hivi nane haionekani hata mara moja. Mirusho 12 kwa watu wanne ni mizunguko mitatu mizima. Mwenzetu umejenga vizuri kabisa, umechagua mahali kama alivyofundisha mwalimu wa hesabu, halafu unakaa mizunguko mitatu mikono mitupu ukitazama wengine wakivuna. Na mtu asiye na kadi hana cha kubadilisha, kwa hiyo hana la kusema. Ananyamaza. Kwetu sisi hiyo ni hasara ya lugha pia.

Kasoro ya pili ni kondoo. Katika mchezo wa kawaida kondoo anahitajika mahali pawili tu: kujenga kijiji na kununua kadi ya maendeleo. Mji unataka madini matatu na ngano mbili, kondoo hayumo. Barabara ni mbao na tofali, kondoo hayumo. Basi mchezo ukifika katikati, mwenye malisho manono anageuka kuwa mchuuzi asiye na wateja.

Ya tatu ni mwisho wenye kudorora. Akifika alama nane au tisa, mtu huyo hakuna anayebadilishana naye tena. Kila mmoja anamwambia "wewe la", na anabaki kununua kadi gizani akiomba itokee ya alama. Wengine nao wanangoja tu. Dakika kumi za mwisho, ambazo zingekuwa tamu kuliko zote, mara nyingi ndizo baridi kuliko zote.

Sasa ndiyo tuje kwenye nyongeza. Catan ina nyongeza kadhaa. Ya mwaka wa 1996 inaruhusu wachezaji watano au sita. Ya mwaka wa 1997 ni ya mabaharia. Ndani yake unaunda meli kwa mbao na kondoo, unavuka bahari kwenda visiwa vingine, na kondoo anapata kazi. Hiyo sitaieleza sana kwa sababu tuliicheza mara mbili pekee, ni nzuri, ni nyepesi, lakini haigusi ukame wa dadu wala mwisho wenye kudorora. Inayotugombanisha ni ile ya mwaka wa 1998 iitwayo Cities & Knights, ambayo sisi tumeibatiza Miji na Askari. Hiyo ndiyo aliyotuazima binamu ya mwenzetu mmoja.

Nyongeza hii inaanza kwa kukupa kijiji kimoja na mji mmoja, badala ya vijiji viwili. Kwa hiyo unaanza na alama tatu, na lengo ni alama 13 wala si 10. Angalia vizuri: katika mchezo wa kawaida una safari ya alama nane, katika nyongeza una safari ya alama kumi. Ukisikia 13 unadhani ni mbali mno, kumbe tofauti ni alama mbili tu. Muda mrefu unaotumika hauletwi na alama, unaletwa na mambo mengine nitakayoyafikia.

Mji sasa unatoa vitu vya aina mpya. Mji ulio kando ya msitu unatoa mbao moja na karatasi moja, ulio kando ya malisho unatoa kondoo mmoja na kitambaa kimoja, na ulio kando ya mlima unatoa dini moja la chuma na sarafu moja. Ngano na udongo zinabaki vilevile, mbili mbili. Karatasi, kitambaa na sarafu huitwa bidhaa, na kwa bidhaa hizo unaistawisha miji yako katika njia tatu: karatasi kwa elimu, kitambaa kwa biashara, sarafu kwa siasa. Hatua ya kwanza inagharimu bidhaa moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, hivyo hivyo hadi ya tano. Wa kwanza kufika hatua ya nne katika njia yoyote, mji wake mmoja unageuka kuwa jiji lenye alama nne. Hapa Kiswahili kimetutendea wema, maana tunapanda ngazi nzuri ajabu: kijiji, mji, jiji.

Fauka ya hayo, zile kadi za maendeleo za zamani zinaondolewa, mahali pake zinawekwa kadi mpya za mafungu matatu, la elimu, la biashara na la siasa. Aliyestawi katika elimu anapata kadi za elimu, na kadhalika. Huombi tena gizani, unapata unachokipanda.

Je, kasoro zile zimetibiwa? Nasema ndiyo, na kwa ufundi. Anayefika hatua ya tatu ya elimu anapata mfereji wa maji: kila dadu zikianguka bila kumpa chochote, na isiwe saba, anachagua mali moja apendayo. Gharama yake ni karatasi moja, kisha mbili, kisha tatu, jumla karatasi sita. Yule maskini wa nane sasa ana dawa, tena dawa aliyoitolea jasho. Kondoo naye amefufuka. Malisho yanaleta kitambaa, na askari anaajiriwa kwa kondoo mmoja na dini moja la chuma. Nimeona kwa macho yangu kondoo akikataliwa kwa matofali mawili, jambo ambalo katika mchezo wa kawaida lingekuwa kichekesho.

Na mwisho wenye kudorora? Umetibiwa na wavamizi. Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu hawa wavamizi ndio moyo wa nyongeza nzima.

Kuna dadu ya tatu. Nyuso zake tatu zina picha ya meli, na tatu zilizobaki zina rangi za yale mafungu ya kadi. Kila meli ikitokea, meli ya wavamizi inasonga hatua moja kuja kisiwani, na hatua ni saba. Kwa kuwa meli hutokea nusu ya mirusho, wavamizi hufika kila baada ya mirusho 14 hivi, yaani kwa watu wanne ni mizunguko mitatu na nusu. Lakini hiyo ni wastani. Siku nyingine wanakuja mbio mkiwa hamjajiandaa hata kidogo.

Wakifika, nguvu yao ni idadi ya miji yote iliyo kisiwani. Nguvu yetu ni jumla ya askari wetu walio macho. Askari hana kazi akiwa amelala. Kumwamsha ni ngano moja. Nguvu yetu ikilingana na yao au ikizidi, tumewashinda, na aliyetoa askari wengi kuliko wote anapewa alama moja ya heshima. Wakilingana wawili juu, hakuna alama, kila mmoja wao anachukua kadi. Tukishindwa, hapo ndipo penye sumu: hatupati hasara sote. Aliyetoa nguvu ndogo kuliko wote miongoni mwa wenye miji, mji wake mmoja unabomolewa unarudi kuwa kijiji.

Hebu fikiria meza hii. Meli imebakiza hatua moja, na ni zamu ya Nyeupe. Nyekundu ana miji miwili na askari wenye nguvu mbili. Buluu vilevile. Chungwa ana mji mmoja na nguvu moja. Nyeupe ana mji mmoja na askari mmoja aliyelala, na hana ngano. Miji ni sita, nguvu ni tano. Pungufu moja! Ngano moja tu ingekiokoa kisiwa. Nyeupe anageuka kwa wenzake, "Jamani, nani ana ngano? Natoa tofali. Natoa matofali mawili. Si tunajilinda sote?" Katika mchezo wa kawaida mtu angepokea matofali mawili akishangilia. Sasa Nyekundu anatafakari. Akimpa ngano, kisiwa kitapona, na yeye na Buluu watapata kadi moja moja. Akimnyima, kisiwa kitashindwa, lakini mji utakaoanguka si wake, ni wa Nyeupe. Chungwa naye anasema kimoyomoyo, mradi Nyeupe yuko chini yangu, mimi niko salama. Basi kila mmoja anashika ngano zake na kukohoa.

Siku hiyo ilitokea karibu hivyo hivyo, na Nyeupe, mtoto wa Kidato cha Pili ambaye hana maneno mengi, alisimama akatoa hotuba ambayo ningependa ingerekodiwa. Alimwambia Chungwa kwamba mji wake ukianguka leo, kesho meli ikirudi Nyeupe hatakuwa na mji, na wavamizi hawamgusi asiye na mji, kwa hiyo wa mwisho atakuwa Chungwa mwenyewe. Na ni kweli! Sheria ndivyo zilivyo. Chungwa akaangalia ubao, akaangalia kadi zake, akatoa ngano. Mlezi wetu alikuwa amesimama mlangoni akiwa na vitabu vyake vya kusahihisha, akasema insha zetu za mjadala zingekuwa hivyo tungekuwa tunapasua mitihani.

Kwa hiyo mtu akiniambia Miji na Askari haiongezi kitu, namwambia hajaicheza. Inabadilisha aina ya mazungumzo. Mchezo wa kawaida una maneno ya sokoni: nipe, nikupe, ongeza, punguza. Nyongeza inaleta maneno ya baraza: tukubaliane, wewe ulisema, nani alitoa nini mara iliyopita. Kama swali lingekuwa "Je, nyongeza inaufanya mchezo kuwa bora kwa watu wanne walioujua mchezo wa kawaida mpaka wakauchoka?", ningejibu ndiyo bila kupepesa macho, na makala yangu ingeishia hapa.

Lakini sisi si watu wanne.

Shule yetu ni ya kutwa. Vipindi vinaisha saa kumi kasorobo, na saa kumi na moja na nusu askari wa lango anaanza kutingisha funguo. Kuna wanaotembea mwendo wa saa nzima kufika nyumbani, na kuna wanaopanda matatu, na kila mtu anajua nauli jioni ikishapanda haishuki. Mchezo wa kawaida unaingia ndani ya muda huo, na dakika za kurudisha vipande sandukuni zinabaki. Miji na Askari hauingii. Mingi tuliyoianzisha muhula wa pili haikumalizika. Tulijaribu kuandika kwenye daftari kila kijiji na kila askari alipo ili tuendelee Ijumaa inayofuata, lakini kupanga upya kunakula nusu saa, na mara mmoja wa wachezaji hayupo, amefukuzwa karo. Mara moja tuliuacha ubao juu ya kabati ukiwa umepangwa. Tuliporudi wavamizi walikuwa jangwani na ng'ombe wa plastiki kutoka kusikojulikana amesimama juu ya mji wangu.

Muda unaliwa na nini? Si alama, kama nilivyosema. Unaliwa na kufikiri. Katika mchezo wa kawaida ukiwa na kadi saba unajua mambo manne ya kufanya nazo. Katika nyongeza una mali tano, bidhaa tatu, askari wa kuajiri, wa kuamsha, wa kupandisha cheo, wa kuhamisha, kuta za kuzungushia mji, njia tatu za ustawi, na kadi mkononi hadi nne. Mtu anainamia chati yake dakika tatu mzima. Wengine watatu wanafanya nini? Wanatazama dari. Sasa rudi kwenye kipimo chetu. Meza ya Miji na Askari ina dakika tano za moto mkali meli inapokaribia, halafu ina dakika nyingi za kimya ambazo mchezo wa kawaida hauna. Nilikaa nikasikiliza Ijumaa mbili bila kucheza, hivyo ndivyo nilivyosikia.

Aidha kuna suala la Kidato cha Kwanza. Mgeni akija chumbani, mchezo wa kawaida namfundisha kabla chai haijapoa. Mrusho wa tatu tayari anabishana bei. Nyongeza ukimweleza, uso unamwiva. Anapofika kwenye habari za askari aliyelala na askari aliyeamka amekwisha kujutia alikuja. Muhula wa kwanza, tulipokuwa na mchezo wa kawaida peke yake, vijana wa Kidato cha Kwanza walikuwa wakipanga foleni mlangoni. Muhula wa pili nyongeza ikatawala meza, na meza ikawa ya watu wanne wale wale, nami nikiwa mmoja wao. Foleni ilipotea, na hakuna aliyewafukuza. Walikaa nyuma ya migongo yetu Ijumaa mbili tatu, kisha wakaenda kucheza mpira.

Hapa inanijia bao, mchezo wetu wa Waswahili. Ubao wake una mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji kete 32. Anayeanza hufundishwa bao la kujifunza: kete zote zinapangwa mbili mbili katika mashimo, mnaanza kucheza. Aliyekomaa anacheza bao la Kiswahili: kila mmoja anaweka kete kumi tu ubaoni, sita zikiwa nyumbani na nne katika mashimo mawili ya jirani, kisha 22 zilizobaki anazishika na kuziingiza moja moja. Hiyo ndiyo namu, na zikiisha ndipo mnaingia mtaji. Ugumu wake ni bahari. Lakini tazameni: hakuna shimo lililoongezwa, hakuna kete iliyonunuliwa. Ubao ni ule ule, na mtoto anayejifunza leo na mzee bingwa wa Lamu wanaweza kuutumia mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa kiwango chake. Nyongeza ya Catan haina ukarimu huo. Inakaa katika sanduku lake, inahitaji sanduku la kwanza liwe chini yake, na ikishatandazwa, sanduku la kwanza nalo limeshikwa. Ukiwa na mchezo mmoja na nyongeza moja una meza moja. Hakuna hesabu nyingine.

Wapo wanaosema, basi tununue ile ya watu watano na sita, tatizo la nafasi liishe. Hiyo naipinga kabisa. Inaongeza vipande 11, kisiwa kinakuwa na 30, na viti viwili vinapatikana, sawa. Ila unangoja watu watano kabla zamu yako haijarudi. Waundaji wenyewe walijua kungoja kutawachosha watu, ndiyo maana katika sanduku tulilolitumia waliweka sheria ya kuruhusu kila mtu kujenga kidogo baada ya zamu ya mwenzake. Unaruhusiwa kujenga, lakini huruhusiwi kubadilishana. Yaani wamekupa kitu cha kufanya na mikono huku mdomo umefungwa! Kwa chama cha lugha hiyo ni kinyume.

Sanduku la pili la mchezo wa kawaida linaleta meza ya pili. Watu wanane wanazungumza badala ya wanne, kwa saa moja na robo, na wanamaliza. Zamu mbili za wanachama zinaweza kupangwa kwa wiki mbili, na hakuna anayebaki kuhesabu vigae vya dari. Hata ukame wa dadu tunaweza kuupunguza bila kununua kitu: mwenye kukosa mali mizunguko miwili mfululizo achukue kadi moja apendayo. Tuliijaribu Ijumaa iliyopita, haikuharibu mchezo. Kondoo bado ni tatizo, nakubali.

Rafiki zangu watatu wa ile meza ya nyongeza wamekwisha kuniita msaliti, na nawaelewa, kwa sababu mimi mwenyewe ninaipenda Miji na Askari kuliko mchezo wowote niliowahi kuucheza. Nimewaambia likizo ya Desemba tuiazime tena, tukae kwa mmoja wetu kuanzia asubuhi hadi jioni, hakuna lango wala matatu. Lakini pesa za chama zilichangwa na wote, pamoja na wale waliokwenda kucheza mpira.

Mkutano ni Ijumaa ya pili ya muhula ujao, saa kumi, katika chumba kile kile kando ya maabara. Kura ni ya kila aliyelipa ada ya chama, Kidato cha Kwanza pia. Wale wanaotaka kuusikia upande wa pili ukitetewa waje mapema, maana yule Nyeupe wetu wa Kidato cha Pili ndiye atakayesema kwa niaba ya nyongeza, na mimi ndiye nitakayemjibu.